Pawaplei si kushambulia kwa nguvu

Juzi tena barazani hapa Malindi, tunaangalia marudio ya hoki ya barafuni kwenye simu, jamaa mmoja akapiga kelele "pawaplei hiyooo!" na mi nahesabu watu, watano huku watano kule. Jamani hapana. Nimelisikia hili mara nyingi sana sasa acha niliandike.

Kwa ufupi: mchezaji akifanya faulo, tuseme kampiga mwenzake mtama kwa fimbo, anatolewa anaenda kukaa kwenye kiboksi cha adhabu dakika 2, na timu yake hairuhusiwi kujaza nafasi yake. Wanabaki wanne na kipa, wenzao watano na kipa. Muda huo ndo pawaplei. Basi.

Kinachowapoteza watu ni hilo neno pawa, manake sisi tukisikia pawa tunafikiria misuli, mabavu, mtu kakaza. Hapa pawa ni wingi wa watu. Wavuvi wa juya wananielewa haraka, upande mmoja wa kamba ukipungukiwa mtu nyavu inakwenda upande hata kama waliobaki wana nguvu kiasi gani. Na wale wa kriketi nao wanatuchanganyia, kwao pawaplei iko kwenye ratiba, kwenye T20, ile kriketi fupi, ni ova 6 za mwanzo (ova moja ni mipira sita) na kila timu inapata yake. Kwenye hoki hupewi bure, lazima mwenzako akosee.

Tena si dakika 2 kamili kila mara. Zamani ilikuwa aliyefungiwa anakaa mpaka zimalizike hata mkifungwa mangapi, mpaka Novemba 1955 Jean Béliveau wa Montreal akawafunga Boston mabao matatu ndani ya sekunde 44, pawaplei ile ile moja! Msimu uliofuata sheria ikabadilishwa, bao likiingia tu yule wa kiboksini anatoka. Adhabu kubwa ya dakika 5 ndo haikatizwi na bao.

Sasa chukua ile mechi ya nne ya fainali ya 2025 ya NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, Florida na Edmonton, huku kwetu ilianza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 13 Juni na mi nilikesha nayo kwa sababu Edmonton ndo timu yangu. Florida wakapata mawili ya pawaplei, yote Tkachuk, wakafika 3-0, roho ikanidunda wallahi. Kipindi cha pili Edmonton wakarudisha yote matatu na watu mpaka leo wanasema "waliwapigia pawaplei kipindi kizima". Si kweli. La Nugent-Hopkins ndo lilikuwa la pawaplei, ya Nurse na Podkolzin yalikuja watu watano kwa watano, na lile la Draisaitl kwenye muda wa nyongeza lililotupa ushindi pia wako sawa kwa sawa. Ukiyaita yote pawaplei unawanyima vijana haki yao, mengi waliyafunga bila kuzidi mtu.

Na kuzidi mtu si bao. Wanne wanajipanga mraba mbele ya kipa wao, watano wanapanga mmoja nyuma, watatu katikati, mmoja pale mlangoni, wanapasiana mpaka mraba ufunguke, na hao wanne wakiinasa paki, kile kisahani cha kuchezea, wanaruhusiwa kuitupa mpaka mwisho wa uwanja bila filimbi, muda unaenda. Edmonton wa 2022-23 waliweka rekodi ya NHL, asilimia 32.4 ya pawaplei zao zilizaa bao, yani hata wao karibu mara mbili kati ya tatu walitoka kapa.

Kwa hiyo kaka yangu wa barazani, timu ikibana sana sema inabana, sema inashambulia, maneno tunayo. Kabla ya kuita pawaplei angalia kwanza kiboksini kama kuna mtu amekaa.