Je, wajua njia ya kukwea jiwe huandikwaje?

Ukiingia Masasi kwa barabara ya kutoka Ndanda, majabali yanakupokea kabla ya watu. Yamechomoza kwenye tambarare ya mikorosho, ya kijivu, vipara, Mkomaindo huku, Mtandi kule. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka pande hizi za kusini miaka ya 1890, ndiye aliyeipa dunia neno Inselberg mwaka 1900, yaani mlima kisiwa. Watoto wa Masasi hawakumngoja, walikuwa wameshapanda.

Majabali yenyewe tuyaache. Miguuni mwake kuna mawe yaliyobingirika zamani, mengine kimo cha kibanda, mengine cha daladala. Hayo ndiyo yanayofaa kwa mchezo wa kukwea bila kamba. Unapanda mita tatu au nne, na ukianguka unaangukia godoro huku wenzako wakikuelekeza kwa mikono usije ukatua vibaya. Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, na katika mchezo huu kungoja chini ni kazi kamili.

Sasa swali. Jiwe halina barabara wala kibao. Unaandikaje njia yake ili mgeni kutoka Arusha aje, alipate jiwe lilelile, na afanye kilekile ulichofanya wewe?

Nilimwomba mpwa wangu wa darasa la saba anionyeshe jiwe moja nyuma ya nyumba ya shangazi. "Unashika sikio, Mjomba. Halafu mdomo. Halafu unarusha mkono." Kwake imekamilika. Mimi nilitumia dakika kumi kulitafuta hilo sikio. Ni kibanzi kilichotokeza usawa wa kifua changu, upana wa kiganja. Mdomo ni ufa mlalo juu yake, unaoingia vidole vitatu hadi kiungo cha pili, cha nne hakipati nafasi. Kutoka hapo hadi ukingo wa juu hakuna kitu, ndiyo maana anarusha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kinachoandikwa kwanza ni mahali pa kuanzia. Juu wote mnafika palepale. Mtoto yule huanza amesimama, mikono miwili kwenye sikio. Ukianza umeketi chini, mikono kwenye kishikio kilicho usawa wa goti, umeongeza miondoko miwili ya mwili, na wakwezi wataihesabu kuwa njia nyingine, yenye jina lake na ugumu wake. Jiwe moja, kwa hiyo, laweza kuwa na njia saba zinazopishana. Njia haimo ndani ya jiwe. Ni makubaliano ya watu juu ya vishikio gani vinaruhusiwa.

Kulipata jiwe ni shughuli nyingine. Usiandike "karibu na mkorosho mkubwa". Masasi hiyo ni sawa na kusema karibu na hewa, na mkorosho hukatwa. Andika namba za ramani kutoka kwenye simu, tena zenye tarakimu tano baada ya nukta, maana ya tano ni kama mita moja ardhini. Ukiishia ya tatu umempa mgeni eneo la mita mia na ushei azunguke na jua. Chini ya ukuta wa mwamba simu hubabaika, basi ongeza upande: uso unaotazama mashariki, kivuli baada ya saa saba mchana. Kwa joto la huku, hilo la kivuli lina thamani kuliko picha. Andika pia kama shamba linalopitiwa ni la kuombewa ruhusa, na kama kuna nyuki kwenye ufa.

Halafu gonga. Mwamba wa aina hii uliundwa chini sana ardhini, na tabaka zilizoulemea zilipomomonyoka ulitanuka ukapasuka maganda maganda kama kitunguu. Kishikio kikilia kama chungu kitupu, hilo ni ganda linalosubiri kutoka na mtu. Sikio la mpwa wangu lilitoa mlio mzito, wa jiwe zima. Nilishusha pumzi.

Ugumu huandikwa mwisho, na ndipo ugomvi unapoanzia. Kuna vipimo viwili vinavyotumika zaidi. Kimoja ni cha Wafaransa, kilichokulia kwenye mawe ya msitu wa Fontainebleau karibu na Paris. Kingine ni cha Marekani, kutoka Hueco Tanks, Texas, kinachoanza na V0. Hiyo V imetokana na Vermin, jina la utani la mkwezi John Sherman. V4 ya Mmarekani ni kama 6B ya Mfaransa. Anayepanda kwanza hupendekeza, wanaomfuata husahihisha, na mfupi na mrefu hawakubaliani kamwe. Mimi naona afadhali kuandika ugumu kwa penseli.

Wengine wamevuka maandishi kabisa. Njia iitwayo Burden of Dreams huko Ufini, iliyopandwa kwanza na Nalle Hukkataival mwaka 2016 na kupewa 9A ya Kifaransa, ilipigwa picha za kidijitali zikatengenezwa nakala za vishikio vyake. Will Bosi wa Uskoti alifanyia mazoezi nakala za aina hiyo, kisha mwaka 2023 akaenda akaipanda.

Sisi tulikuwa na daftari la kaunta. Niliandika: uso wa mashariki, anza umesimama, mikono miwili kwenye sikio, mdomo kwa mkono wa kushoto, rusha wa kulia ukingoni. Pa kutua ni mchanga, ila kuna kisiki kushoto. Nikamsomea, akatikisa kichwa.

"Mjomba, hujaandika wanashukaje."

Nikazunguka nyuma ya jiwe kuangalia. Hakukuwa na ngazi wala mteremko, ila tawi moja la mkorosho, lililosuguliwa na viganja hadi likang'aa.