Ras Alula hakushinda Dogali kwa mikuki

Nimesahihisha insha za historia miaka mingi, na juzi sentensi ile ile imerudi tena: kule Dogali, karibu na pwani ya Eritrea ya leo, mwaka 1887, Waethiopia wa Ras Alula walimpiga Mwitaliano kwa mikuki na ngao, kwa sababu walikuwa jasiri. Nimechoka kuiwekea alama ya mkasi. Leo naijibu.

Mikuki ilikuwepo, sikatai. Lakini Novemba 1875 kule Gundet, na tena Machi 1876 kule Gura, jeshi la Mfalme Yohannes IV wa Ethiopia liliyavunja majeshi ya Misri yaliyokuwa na maofisa wa Kizungu. Wamisri waliacha uwanjani maelfu ya bunduki za Remington, na mizinga juu yake. Alula Engida alikuwa kwenye vita hivyo, na mwaka 1876 akapewa cheo cha Ras, cheo cha juu cha viongozi na majemadari wa Ethiopia, na kukabidhiwa nchi ya ng'ambo ya Mto Mereb, yaani nyanda za juu za Eritrea ya leo. Kwa hiyo Waitaliano walipoteremka Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, Februari 1885, walimkuta mtu mwenye silaha na mwenye kujua kuzitumia.

Sasa fungua ramani. Mimi husema kila siku: vita bila ramani ni hadithi tu. Tarehe 25 Januari 1887 Alula aliishambulia ngome ya Saati, bara kidogo kutoka Massawa. Waitaliano walikuwa wamejichimbia. Wakamrudisha nyuma, akapoteza watu. Kesho yake hakurudi kujigonga kwenye ngome ile ile. Saati ilihitaji risasi na chakula kutoka pwani, na njia ilipita Dogali. Msafara ukaja, askari wapatao 500 chini ya Luteni Kanali Tommaso De Cristoforis. Walikamatwa mahali pa wazi, wakakimbilia kilimani, wakazungukwa. Zaidi ya 400 walikufa pale.

Utaniambia Alula alikuwa na watu wengi zaidi. Kweli, maelfu. Lakini jana yake kule Saati pia walikuwa wengi, tena ni watu wale wale, wenye ujasiri ule ule, na walishindwa. Kilichobadilika kati ya siku hizo mbili ni mahali alipochagua kupigania. Ukiandika "ujasiri" ukaishia hapo, umemnyang'anya akili yake.

Insha hizo huja na makosa mengine pia. "Alikuwa jenerali wa Menelik," mfalme aliyemfuata Yohannes. Hapana. Bwana wake alikuwa Yohannes, aliyefariki Machi 1889 kwa majeraha ya vita dhidi ya Wamahdi, wafuasi wa Mahdi wa Sudan, kule Metemma. Alula alimtii Menelik baadaye sana, mwaka 1894, na alipigana Adwa, vita ambavyo Menelik aliwashinda Waitaliano, tarehe 1 Machi 1896.

"Alizaliwa katika ukoo wa kitawala." Baba yake alikuwa mkulima wa Tembien, katika Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. U-Ras aliupata kwa kazi.

"Adwa iliwafukuza Waitaliano wote." Walibaki Eritrea. Asmara, mji ambao Alula aliufanya makao yake makuu, walikuwa wameuchukua tangu 1889, na hakuupata tena.

"Aliuawa na Waitaliano." Hili huwa linaniuma kulieleza darasani. Mapema mwaka 1897, hata mwaka haujatimia tangu Adwa, alipigana na Ras Hagos, Mtigray mwenzake. Alishinda, lakini alitoka na jeraha, na Februari likamuua.