Chipu ya mbwa haimtafuti mbwa

Jumatatu asubuhi nilipigiwa tena simu ile ile. "Daktari, Simba ametoka tangu juzi usiku. Wewe ndiye uliyemwekea chipu, hebu niangalizie yuko wapi." Ilinibidi nimweleze mama yule kwamba sina mahali pa kuangalia, na kimya chake kiliniuma, kwa kuwa siku ile ya sindano sikumwuliza alielewaje kile alichokuwa akikilipia.

Chipu ni kidonge cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2, karibu sawa na punje ya mchele. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba na kipande kinachohifadhi namba. Hamna betri, na kisicho na betri hakiwezi kutuma habari kwenye setilaiti wala kwenye mnara wa simu, hata kama mbwa amelala nje ya geti lako. Chipu hukaa kimya miaka yote mpaka skana, yaani kifaa cha kuisomea, iletwe sentimita chache kutoka kwenye ngozi. Hapo mawimbi ya skana, ya kilohezi 134.2, huipa nguvu ya kutosha kutaja namba yake ya tarakimu 15, basi.

Jina lako halimo, wala namba yako ya simu, wala chanjo za mbwa. Hili ndilo ninalolirudia kila wiki. Tarakimu 3 za mwanzo huonyesha nchi au kiwanda ilikotoka, na zinazobaki ni za mbwa huyo peke yake. Lakini ni nani mwenye mbwa, hilo liko kwenye daftari la usajili, na daftari halijui kwamba umehama Tabata, umebadilisha laini, au umemgawa mbwa kwa shemeji yako. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa katika vituo vya kuhifadhi wanyama: mbwa wenye chipu waliorudi kwao walizidi nusu kidogo, na pale mwenyewe alipokosekana, sababu iliyoongoza ilikuwa namba ya simu isiyo sahihi au iliyofungwa. Chipu zilisomeka vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kupokea simu.

Kwa wanaosafiri na mbwa kwenda nchi za Umoja wa Ulaya nitasema kwa kifupi: chipu kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa baadaye au siku hiyo hiyo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Kwa anayetoka Tanzania, damu ya kupima kinga huchukuliwa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, kisha husubiriwa miezi 3, kwa hiyo anayekuja kwangu wiki mbili kabla ya ndege siwezi kumsaidia.

Vitabu husema chipu hukaa chini ya ngozi, katikati ya mabega, na huko ndiko ninakoiweka: naisoma ingali ndani ya sindano, nainua ngozi, nachoma, nabana tundu kwa kidole gumba, naisoma tena, nabandika stika ya namba kwenye kadi ya chanjo. Lakini chipu nyingine huhama. Nimewahi kupitisha skana mara mbili mabegani mwa mbwa mzee bila mlio wowote, kisha ikalia ilipofika kwenye kiwiko cha kushoto. Tangu siku hiyo napitisha skana polepole mpaka kifuani na kwenye miguu ya mbele, na bado nawafikiria mbwa wa miaka yangu ya mwanzo ambao niliwaandikia "hana chipu" baada ya kugusa mabega tu.

Naendelea kuziweka, kwa sababu mkanda wa shingoni hukatika na chipu haivuliwi, na familia mbili zinapogombania mbwa mmoja, namba iliyo kwenye kadi humaliza ubishi. Hata hivyo, anayemwokota mbwa hapa Dar es Salaam ni mlinzi, mama lishe au dereva wa bodaboda, na hakuna kati yao mwenye skana. Wote wana simu. Mvalishe mbwa mkanda wenye namba yako iliyoandikwa kwa wino usiofutika, uisome tena kila unapomwogesha.

Simba alirudishwa Jumatano na mlinzi wa mtaa wa pili, aliyemtambua kwa sikio lake lililokatika ncha.