Kongano bunifu la kilimo ni kitu gani?

Kongano bunifu ni mkusanyiko wa wakulima, wanunuzi, wenye viwanda, watafiti na serikali wanaolitegemea zao moja katika eneo moja, na ambao wamekubaliana kuyatatua matatizo ya zao hilo kwa pamoja. Si lazima wawe marafiki. Wanunuzi wawili wanaweza kugombania mzigo mmoja sokoni leo, na kesho wakakaa meza moja kujadili mbegu, kwa sababu mbegu ikifa wote wawili wanakosa cha kusafirisha. Ushirika wa wakulima pekee haujafika hapo, hata ukiwa na nguvu, maana ndani yake hayupo mnunuzi wala mtafiti.

Zanzibar tunao mfano wa karibu sana, nao ni mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Makampuni yalitoa mbegu, kamba na taitai, yaani vijikamba vya kufungia mwani. Wakulima, wengi wao wanawake, walitoa nguvu zao. Mwani ukikauka uliuzwa kwa kampuni iliyotoa vifaa, ukapelekwa nje kutengenezewa karajinani, kile kitu kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu zishikane. Biashara hiyo iliwapa wanawake wengi wa pwani fedha zao wenyewe mkononi, na hilo si jambo dogo. Lakini kongano lilikuwa bado. Bei ilipangwa na kampuni, mkulima akaipokea tu. Na kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, ilipoanza kufa, mkulima hakuwa na pa kulipeleka swali lake. Alibaki na spinosamu, inayovumilia zaidi lakini yenye bei ndogo.

Mwaka 2006 likaundwa Kongano la Mwani Zanzibar, likiongozwa na Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ipo hapa hapa Unguja. Jambo lililobadilika ni njia inayopita taarifa. Wakulima walieleza wanachokiona: mwani unapauka, unalainika, unakatika kwenye kamba. Watafiti wakapima joto la maji. Kwenye maji ya kina kifupi, hasa wakati wa bamvua bahari inapokupwa mbali na jua likawa kali, maji yanayobaki juu ya mchanga hupata joto kupita uwezo wa kotonii. Mmea ukidhoofika namna hiyo, magonjwa na majani ya baharini yanayoungang'ania huumaliza.

Jibu lilionekana rahisi: mwani upelekwe kwenye maji ya kina, yenye ubaridi. Huko nako mawimbi huukata ukadondoka kutoka kwenye kamba. Ndipo zikajaribiwa nyavu zilizoshonwa kama mirija mirefu, mwani ukawekwa ndani yake ili hata ukikatika usipotee. Hapo wengi hudhani ubunifu umekamilika. Haujakamilika. Maji ya kina yanataka chombo, na wanawake wengi wa mwani hawana chombo. Yanataka kujua kuogelea, na wasichana wengi wa pwani zetu hawakufundishwa. Kwa hiyo mafunzo ya kuogelea na mashua vimekuwa sehemu ya teknolojia ile ile, sawa na wavu wenyewe. Na lazima mnunuzi awe tayari kuilipa kotonii bei inayofidia kazi iliyoongezeka. Kikikosekana kimoja tu kati ya hivyo, wavu utaozea stoo. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuwepo kwa kongano: mtafiti hawezi kutoa mkopo wa mashua, kampuni haiwezi kuendesha maabara, na mkulima hawezi kungoja mpaka wote wawili wajuane.

Kongano hilo pia liliwafundisha wanawake kuusaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni, wakitia na mafuta ya karafuu. Kipande cha sabuni kina thamani kubwa kuliko mwani mkavu wenye uzito ule ule, na nimefurahi kila nilipoona vikundi vya vijijini vikiuza bidhaa yenye jina lao. Ila tusilipe jambo hili mzigo usio wake. Zanzibar huvuna maelfu ya tani za mwani mkavu kwa mwaka, na sabuni za watalii haziwezi kuzimaliza. Tani hizo zinataka kiwanda cha kusindika, na kiwanda ni mtaji, umeme, maji safi na mafundi wa kemia. Hapo mwenye kiwanda huwa mshiriki wa lazima, wala asihesabiwe kama mgeni mwalikwa.

Karafuu ina sura nyingine. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, ndilo mnunuzi halali wa karafuu za wakulima, na lina kiwanda cha mafuta Wawi, Chake Chake. Kiwandani hapo hukamuliwa makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, ambavyo vingekuwa takataka. Ni ubunifu wa kweli: mkulima anauza karafuu, kisha anauza na makonyo. Mnunuzi mmoja wa serikali humpa mkulima uhakika wa kuuza. Lakini pia hufanya wazo la bidhaa mpya litegemee ofisi moja, kwa kuwa hakuna mnunuzi wa pili wa kuishtua. Naona Pemba, yenye mikarafuu mingi kuliko Unguja, inastahili kongano la karafuu ambamo wakulima, wakamuaji wadogo wa mafuta na watafiti wana sauti pamoja na shirika.

Kwenye muhogo, kituo cha utafiti cha Kizimbani kilitoa mwaka 2007 aina nne, Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zinazohimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Hapo walishirikiana watafiti na wakulima. Kiwanda cha unga au wanga hakikuwa sehemu ya mpango kwa kiwango kile kile, na muhogo mwingi bado huishia sokoni ukiwa mbichi.

Jambo moja huwa halizungumzwi vya kutosha katika mikutano ya ubunifu: nani anabeba hasara ya jaribio? Mwani huchukua takribani wiki sita kukomaa. Mama akitoa nusu ya kamba zake kwa majaribio na yakashindwa, amepoteza mavuno ya wiki hizo sita, huku mshahara wa mtafiti ukiingia kama kawaida na kampuni ikinunua kwa mwingine. Asipolipwa fidia, maana yake ni kwamba maskini kuliko wote ndiye anayegharimia utafiti. Mkataba wa kongano uandike wazi kiasi cha fidia, nani anailipa na kwa muda gani, kabla kamba ya kwanza haijafungwa.

Pengo kubwa lililobaki Unguja ni mboga na matunda ya hotelini. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinanunua kila wiki mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mboga hizo huvuka bahari kutoka bara. Mkulima wa hapa husubiri mvua, hivyo wakati mmoja ana nyanya nyingi kuliko wanunuzi, wakati mwingine hana hata moja. Mabomba ya kumwagilia kwa matone na vitalu nyumba vinajulikana na vinapatikana. Kinachotakiwa ni hoteli kadhaa kuahidi kwa maandishi kiasi na bei ya msimu mzima, benki kuikubali ahadi hiyo kama dhamana ya mkopo wa mabomba, bwana shamba kuwapangia wakulima wapande kwa zamu, na chumba cha baridi karibu na mashamba ili mboga za Jumatatu zifike jikoni Alhamisi zikiwa bado mbichi.