Kuandaa Kampeni Isiyowangoja Wachezaji

Wengi wanaoanza kuendesha michezo ya kuigiza wahusika mezani huandika hadithi nzima ya kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya mchezo mmoja, kabla ya kikao cha kwanza: nani atasalitiwa, vita vitapiganwa wapi, mfalme atakufa lini. Wachezaji wakifika hushika njia ambayo haikuandikwa, na mwendesha mchezo, yaani msimulizi anayeigiza watu wengine wote, ama huwalazimisha kurudi kwenye karatasi yake, ama huitupa na kuanza kubahatisha. Kwa maoni yangu, kazi yake si kuandaa hadithi bali kuandaa hali: watu ambao haja zao zinagongana, mahali anapopafahamu vyema, na kalenda inayosonga hata wachezaji wasipofanya lolote.

Tangu Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulipochapishwa Marekani mwaka 1974, mazingira yaliyozoeleka zaidi yamekuwa ya ngome, mapango na mazimwi. Sina ugomvi nayo. Hata hivyo, mchezaji wa Temeke au Sinza hulazimika kuelezwa kila kitu kuhusu mtawala wa ngome ya Ulaya, ilhali pwani anaijua kwa harufu yake. Ndiyo maana kampeni ninayoiendesha sasa hapa Dar es Salaam imewekwa Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka ambao msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika huko akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman.

Kalenda nimeikabidhi kwa upepo. Vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi hushuka na kaskazi, ambayo kwa kawaida huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na hurudi na kusi inayoingia Aprili. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo chombo kingeweza kuikamilisha, kwenda na kurudi, katika mwaka mmoja wa pepo hizo. Kwa hiyo mgeni aliyetaka dhahabu ya Sofala, iliyo mbali zaidi kusini, alimtegemea tajiri wa Kilwa aliyekwisha kutuma chombo chake huko. Chombo hicho nacho kinarudi na kusi ileile ambayo mgeni anaingoja ili aondoke, na mgeni hawezi kukawia sana, kwa sababu kuanzia Juni Bahari ya Arabu huchafuka vibaya. Zinabaki wiki chache ambamo kila mtu bandarini ana haraka yake, na haraka hizo zikikutana, mimi sina haja ya kubuni vita.

Nimewaandika watu watatu tu kwa kina. Tajiri amekopa kwa kutegemea dhahabu ambayo haijafika. Nahodha kutoka Aden ameahidiwa shehena hiyohiyo. Na karani wa forodha anajua kwamba mtepe wa tajiri, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, umekwisha kutia nanga kwa siri kwenye kisiwa cha jirani. Chini ya majina yao nimeandika kitakachotokea wachezaji wasipoingilia: kwanza minong'ono sokoni, kisha tajiri anaweka nyumba rehani, kisha karani anatoweka, na mwishowe nahodha anatweka tanga bila shehena. Wachezaji watafanya nini, hilo siliandiki kamwe. Siri moja kama ile ya mtepe huitengenezea walau njia tatu za kugunduliwa, kwa mfano mvuvi aliyeuona, kamba mpya zilizonunuliwa na mtu asiye na chombo, na mke wa karani mwenye hofu. Nafanya hivyo kwa kuwa njia ya kwanza wataipita bila kuiona na ya pili wataielewa visivyo.

Kuhusu dadu, zinazorushwa ili kuamua kama jambo linafanikiwa, zile za pande 20 ni nzuri lakini si lazima, maana dadu mbili za ludo zinatosha. Tofauti yake inafaa kueleweka. Dadu ya pande 20 hutoa kila namba kwa uwezekano uleule wa asilimia 5, ilhali dadu mbili za ludo hupendelea katikati: kupata 7 au zaidi ni takriban asilimia 58, kupata 9 au zaidi ni asilimia 28, na 12 ni chini ya asilimia 3. Kwa hiyo nyongeza ya pointi moja kwenye jumla ya dadu hizo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na mwendesha mchezo anayezigawa ovyo huua hatari yote ya mchezo. Kwa jambo ambalo kushindikana kwake hakuna madhara, usirushe dadu kabisa.

Kuna mizani nyingine isiyohitaji dadu, nayo ni heshima. Nikiigiza mzee wa mtaa, mchezaji anayeanza kwa kumhoji bila salamu hupewa jibu fupi na hakaribishwi kuketi, na hakuna mchezaji wa hapa ambaye amewahi kuniuliza sababu.

Kabla ya yote hayo hufanyika kikao cha makubaliano. Katika kampeni ya pwani suala la utumwa haliepukiki, na mezani wanaweza kuketi watu ambao koo zao zilikuwa pande tofauti za biashara hiyo. Tunakubaliana mapema nini kitaonyeshwa, nini kitatajwa tu, na nini hakitaguswa. Kisha mtu yeyote anaweza kusimamisha tukio kwa kuinua mkono, bila kudaiwa maelezo.

Wasiofika wakumbukwe pia. Kwa foleni za jiji hili na zamu za kazi, kampeni inayovunjika mchezaji mmoja akikosekana haitadumu, kwa hiyo kila mhusika ana shughuli ya kudumu mjini inayoeleza kutokuwepo kwake. Kabla watu hawajatawanyika nawauliza wanakusudia kwenda wapi kikao kijacho, nasogeza kalenda kwa siku walizotumia, na hapo ndipo ninapoanza kuandaa, nikijifunga na sehemu waliyoitaja pamoja na yule mtu mmoja ambaye hatafurahi kuwaona.