Maana ya kichwa cha mada katika maktaba ya tiba

Kichwa cha mada, kwa mkutubi wa tiba, ni jina moja lililoteuliwa kuwakilisha jambo moja, hata kama waandishi wanaliita jambo hilo kwa majina chungu nzima. Si anwani ya makala, wala si neno alilolipenda mwandishi. Ni lebo inayobandikwa juu ya makala iliyokwisha kuchapishwa, ili zote zinazozungumzia jambo hilo zikutane mahali pamoja.

Haja ya lebo hiyo tunaiona hapa Mombasa, mji uliokwisha kupata milipuko ya homa ya dengue. Mgonjwa wa Kisauni hufika akisema viungo vinamkata na macho yanamuuma kwa nyuma. Jirani amekwisha kumwambia ni malaria, mama yake anasema ni kidingapopo, na daktari anaandika dengue kwenye faili. Kiingereza nacho kina jina la zamani la ugonjwa huohuo, lenye maana ya homa ya kuvunja mifupa. Tuseme daktari kijana, baada ya zamu, anataka kujua iwapo paracetamol, ambayo hupewa wagonjwa hawa kwa kuwa aspirini na ibuprofen huzidisha hatari ya kutokwa na damu, inaweza kulidhuru ini ambalo tayari limeguswa na virusi. Anafungua PubMed, hifadhidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliyo wazi kwa umma bila malipo tangu 1997, na kuandika maneno mawili: paracetamol, dengue.

Wamarekani dawa hiyo huiita acetaminophen. Kama mtambo ungelinganisha herufi tu, makala zao zingempita bila yeye kujua, na asichokijua hawezi kukiulizia. Kinachomwokoa ni kichwa cha mada: PubMed hulitambua neno paracetamol kuwa ni jina jingine la kichwa Acetaminophen, kisha hutafuta yote mawili. Kazi hiyo hufanyika kimyakimya, lakini katika ukurasa wa utafutaji wa kina mtu anaweza kuufungua mstari wa historia na kuona jinsi swali lake lilivyotafsiriwa. Nawasihi wanafunzi wasiupite mstari huo. Anayeliweka neno ndani ya alama za kunukuu huizima tafsiri hiyo, na wengi hufanya hivyo wakidhani wanajiongezea usahihi.

Orodha ya vichwa hivyo huitwa MeSH. Ilichapishwa mara ya kwanza 1960, hurekebishwa kila mwaka, na sasa ina vichwa zaidi ya 30,000 vilivyopangwa kama mti: chini ya tawi la Dengue kuna kitawi cha dengue kali, na anayelitafuta tawi huletewa na kitawi chake.

Hata hivyo, lebo haitoshi peke yake. Makala mpya kabisa huenda bado haijabandikwa, na makala za majarida yasiyoingizwa katika Medline, yaani ile sehemu ya PubMed ambayo makala zake hubandikwa vichwa vya MeSH, hazipewi lebo hizo. Majarida mengi ya Afrika yamo katika kundi hilo, na humo ndimo zilimo baadhi ya tafiti za kwetu. Zaidi ya hayo, Kenya ni kichwa cha mada, lakini Mombasa si kichwa. Anayeandika tasnifu kuhusu dengue ya mji huu, basi, hana budi kuunganisha kichwa na maneno huru kwa kiunganishi cha "au": kichwa Dengue au neno dengue, pamoja na kichwa Kenya au neno Mombasa. Matokeo yatakuwa mengi, na mengine hayatamfaa, lakini ni afadhali kuchambua ziada kuliko kukosa utafiti uliofanyika mtaa wa pili.

Kwa mwandishi wa kitaaluma kuna wajibu mmoja zaidi, ambao mimi naupa uzito mkubwa. Aandike ni hifadhidata ipi aliyoitafuta, tarehe gani, kwa vichwa gani na kwa maneno gani, herufi kwa herufi, ili msomaji wa Mombasa au wa Muscat akiandika vilevile aweze kuiona njia ileile na kumsahihisha pale alipoacha kitu. Ayaandike hayo siku ileile anapotafuta, kwa sababu baada ya mwezi hatakumbuka kama aliweka alama za kunukuu au la.