Vaibreta ya kuchaji haifi kwa kutumiwa sana: dhana potofu na ukweli

Mafundi wanaofungua vaibreta za kuchaji, yaani vifaa vya kutetema vya kujistarehesha kimapenzi, hukutana na mambo yaleyale: pini za chaji zilizoota kutu ya kijani, betri iliyoshuka chini ya volti 2.5, waya mwembamba uliokatika penye mota. Mota iliyochakaa kwa kutumika ni nadra. Kinachovimaliza zaidi vifaa hivi ni kufichwa. Kifaa kinaoshwa harakaharaka, kinasokomezwa kibichi chini ya nguo, kinakaa humo miezi bila chaji, na siku ya kuchajiwa kinachajiwa ndani ya droo iliyofungwa asije mtu akaona. Na kwa kuwa si jambo la kuulizia dukani kwa sauti, maelezo yanayozunguka ni ya kuokoteza, mengine ya enzi za betri za zamani.

“Haiwaki kabisa, basi imekufa”

Huenda imefungwa tu. Nyingi zina kufuli ya safari, ili zisijiwashe ndani ya begi. Hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 3 hadi 5, au kwa kubana kitufe cha kuongeza na cha kupunguza kwa pamoja. Taa ikipepesa mara moja au mbili bila mota kuzunguka, shuku kufuli. Aina nyingi hufunguka zenyewe pindi zikichomekwa kwenye chaji. (Ukisafiri kwa ndege, iweke kwenye begi la mkononi ikiwa imefungwa hivyo, maana ina betri ya lithiamu. Kwa wanaokwenda Saudi Arabia au Falme za Kiarabu tatizo ni forodha: bidhaa hizi haziruhusiwi kuingia.)

Kama si kufuli, inawezekana betri imeshuka mno. Betri ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, na ikifika karibu na 3 inahesabika imekwisha. Ikilala miezi bila chaji hushuka zaidi, na chipu ya kuchaji haithubutu kuipa umeme wote kwa mkupuo. Huanza na mkondo mdogo, takriban sehemu ya kumi ya kawaida, na wakati huo taa inaweza isiwake kabisa. Watu wengi huchomoa baada ya dakika tano wakitangaza kifo. Iache saa moja hadi mbili, huku ukiigusa kila baada ya muda: uvuguvugu kidogo ni ishara njema, joto linalochoma ni sababu ya kuchomoa mara moja.

Saa mbili zikipita kimya, rudi kwenye waya. Kwa zile za tundu la pini, pini inatakiwa ipenye utando wa silikoni hadi igote mwisho, na wengi huishia nusu kwa kuogopa kutoboa. Kwa zile za sumaku, sumaku zikisukumana ujue umegeuza upande, usilazimishe. Mwenye mita apime ncha za waya: zisome karibu volti 5. Na usiazime waya wa sumaku wa kifaa kingine kwa sababu tu umeshika vizuri. Hakuna kipimo kimoja kwa viwanda vyote, chanya ya huyu yaweza kuwa hasi ya yule, na saketi ikaungua hapohapo.

“Tundu ni la Type-C, kwa hiyo waya wowote wa Type-C utachaji”

Dhana hii imefanya vifaa vizima virudishwe dukani. Waya wenye Type-C pande zote mbili hautoi umeme mpaka chaja itambue kwamba upande wa pili kuna kifaa. Utambulisho huo hufanywa na rezista ndogo za kilo-omu 5.1 ndani ya kifaa, na watengenezaji wa bei nafuu huziacha ili kubana gharama. Matokeo yake, chaja mpya ya simu haioni kitu na taa haiwaki. Tumia waya wenye USB ya zamani, ile pana, upande mmoja na Type-C upande wa pili, na itachaji.

Pawabenki nayo ina vituko vyake. Vaibreta inavuta umeme kidogo sana ukilinganisha na simu, hasa ikikaribia kujaa, hivyo pawabenki hudhani hakuna kilichochomekwa na kujizima. Ukiona inachaji dakika chache kisha inakata, jaribu chaja ya ukutani au kompyuta kabla hujalaumu betri.

“Chaja yenye nguvu itaipasua”

Kifaa huvuta mkondo kinaouhitaji, chaja haikisukumizii. Chaja ya kasi iliyotengenezwa sawasawa huanza na volti 5 na haipandi mpaka kifaa kiombe, na vaibreta haijui kuomba. Wasiwasi uelekezwe kwa chaja bandia za barabarani. Ndani yake upande wa umeme wa ukutani, volti 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya, unaweza kuwa umepakana na upande wa volti 5 bila nafasi wala kizuizi cha kutosha.

Hapo ndipo linapojibiwa swali la kupigwa na shoti. Betri peke yake, yenye volti 3.7 hivi, haina nguvu ya kumdhuru mtu kwa shoti, hata kifaa kikiwa kimelowa. Kifaa kilichochomekwa kwenye chaja mbovu ni habari nyingine. Kwa hiyo kisitumike kikiwa kwenye chaji, na bafuni usiingize kabisa waya unaotoka ukutani.

“Chaji ya kwanza iwe ya muda wa saa nane, kisha itumie hadi iishe kabisa”

Ushauri huu ni wa betri za nikeli-kadimiamu, zilizokuwa na kasoro ya “kukumbuka” chaji ya nusu. Lithiamu haina kumbukumbu hiyo. Chipu hukata umeme betri ikijaa, kwa kawaida baada ya saa 1 hadi 3, na saa za ziada haziongezi kitu. Kuimaliza hadi sifuri kila mara ndiko kunakoichosha. Ikianza kupungua nguvu, ichaji.

Ukijua hutaitumia kwa muda, iache na chaji kama nusu, kisha uiongezee kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kujaa kabisa huku ikikaa kwenye joto pia kunaizeesha, na chumba cha bati mchana wa Dar es Salaam au Mombasa ni joto la kutosha. Friji si jawabu: ukiitoa, unyevu wa hewa huganda juu yake kama unavyoganda kwenye chupa ya soda, mpaka kwenye pini.

Kuhusu kuificha wakati wa kuchaji: mto, godoro na rundo la nguo huzuia joto kutoka. Betri hizi hazifai kuchajiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45 za Selsiasi. Kama faragha ni ngumu, iweke juu ya sahani au kigae nyuma ya kitu, mahali penye hewa, uwe macho. Ni bora kuichaji dakika 40 ukiwa chumbani kuliko usiku kucha chini ya mto.

“Imeandikwa haipitishi maji, kwa hiyo inazamishwa tu”

Soma herufi za IPX kwenye boksi, ndizo kipimo cha kuzuia maji. IPX4 ni kurushiwa matone, IPX5 ni maji ya mpira wa bomba, IPX7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. IPX7 haimaanishi kwamba imepimwa pia kwa maji yenye kasi, hivyo bomba lililofunguliwa kwa nguvu moja kwa moja kwenye tundu la chaji ni hatari hata kwake. Kipimo hufanywa kwa maji matupu, kifaa kikiwa kipya. Sabuni hurahisisha maji kupenya penye ufa mdogo, chumvi ya bahari hula chuma, na kila mwaka mpira wa kuziba unakakamaa kidogo.

Kuna mtego mmoja usiotajwa kwenye maboksi. Kifaa kilichotoka kutumika kina joto, na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ukikitumbukiza hapohapo kwenye maji baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kupitia mwanya wowote. Subiri dakika kumi, kisha uoshe kwa maji ya uvuguvugu.

Kosa kubwa zaidi hutokea baada ya kuosha. Tone la maji likibaki katikati ya pini mbili, halafu ukachomeka chaji, umeme unapita ndani ya tone na kuila pini ya upande wa chanya. Kwanza inapoteza mng’ao, kisha inakuwa nyeusi au kijani, na mwishowe haigusani tena na waya. Kwa hiyo futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kung’uta, kiache wazi mahali penye kivuli, tundu likitazama chini, walau saa mbili. Msimu wa mvua pwani uache usiku mzima. Ndipo uchaji.

Kutu ikishaanza, chovya pamba ya masikioni kwenye spiriti, ikamue iwe na unyevu tu, sugua pini taratibu. Uchafu ulioganda utolewe kwa kijiti cha meno cha mbao. Msasa na kisu viache: pini nyingi zimepakwa dhahabu nyembamba sana, na ukiikwangua kutu itarudi kwa kasi zaidi. Na kifaa kilicholowa ndani hakiponi kwa kufukiwa kwenye mchele. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya ganda, unaongeza vumbi tu.

“Ichemshe, au Dettol itaua kila kitu”

Kuchemsha ni kwa kifaa cha silikoni tupu kisicho na mota wala betri, dakika 3 hadi 5. Chenye betri kikitiwa sufuriani kimekwisha, na betri yaweza kupasuka. Dawa kali za kuulia wadudu huwasha ngozi laini ya sehemu za siri. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato yanatosha, ukikazia vidole kwenye mifereji na maungio, kisha usuuze hadi utelezi uishe.

Hayo ni kwa silikoni, kioo na plastiki ngumu. Mpira laini unaonata, wenye harufu ya kandambili mpya, una vitundu visivyoonekana kwa macho, na hausafishiki kikamilifu hata boksi likisema ni silikoni. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta chembechembe za HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa ngono, kwenye baadhi ya vaibreta za mpira wa aina hiyo hata baada ya kuoshwa. Dawa yake ni kuivalisha kondomu mpya kila mara, na kubadilisha kondomu hiyo kifaa kikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine au nyuma kwenda mbele. Tangu 2021 kuna kiwango cha kimataifa cha usalama wa bidhaa hizi, ISO 3533, lakini kuna nyingi sokoni ambazo hazikupita hata karibu yake.

“Mafuta ya nazi ni ya asili, hayana madhara”

Kwa silikoni yenyewe hayana neno kubwa, ila kuyaosha ni kazi. Kwa mpira laini huulegeza na kuufanya unate. Na ukivalisha kondomu ya lateksi, mafuta ya nazi, Vaseline na losheni huidhoofisha ikapasuka. Kilainishi cha maji kinafaa kwa vyote. Cha silikoni kisipakwe kwenye kifaa cha silikoni kabla ya kukijaribia sehemu ya chini kwa dakika kumi: pakinata au kuvimba, hakifai.

“Imepungua nguvu, mota imechoka”

Angalia inapungua vipi. Ikianza vizuri kisha ikalegea dakika chache baadaye, au ikizima ukiipandisha kasi ya juu, ni betri iliyozeeka: bado ina volti, lakini ikibebeshwa mzigo inaporomoka. Baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya chaji hilo ni la kawaida. Ikikatakata kulingana na unavyoishika, waya umelegea. Ikianza kugonga kama kokoto kwenye kopo, kipande kizito cha chuma kilichoegemea upande mmoja wa ekseli ya mota, ambacho ndicho huleta mtetemo, kimelegea au mota imetoka kitandani pake, aghalabu baada ya kuanguka. Kwa zile za mapigo ya hewa, nguvu ikipotea ghafla chomoa kwanza kikombe kilicho mdomoni mwa kifaa: maji au kilainishi kilichobaki humo huua pigo lote.

“Fundi simu hawezi kitu hiki”

Anaweza, kama kina skrubu au kifuniko cha kubana. Betri ni zilezile za vifaa vidogo, na vipimo vimeandikwa juu yake: 602040 ni unene wa milimita 6, upana 20, urefu 40. Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi zinapatikana. Dai iliyo na kibao kidogo cha ulinzi chini ya utepe wa njano, na isijae kwenye nafasi yake kwa kusukumizwa. Usilazimike kupeleka kifaa chenyewe, toa betri uende nayo peke yake. Kilichovishwa silikoni kipande kimoja kinabidi kikatwe, na kikishakatwa hakitazuia maji tena, hata fundi akipaka gundi ya aina gani. Kwa cha namna hiyo nunua kipya.

Betri iliyovimba, yaani ganda limetuna au maungio yamefunguka, isichajiwe wala kutobolewa. Funika ncha zake kwa selotepu, iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu nje ya nyumba, kisha uipeleke kwa wanaopokea taka za umeme, kama WEEE Centre ya Nairobi au kituo cha Enviroserve kilichoko Bugesera, Rwanda. Peleka betri peke yake, wala huna haja ya kueleza ilitoka ndani ya nini.